Mililita Mia Mbili na Kumi

Ada ililipwa kwa korosho za mama,
magunia matatu, na fedha zikachelewa
kama zinavyochelewa kila msimu,
hivyo nilianza wiki tatu nyuma ya wenzangu
nikiwa na sare ya kuazima
na saa ya kaka, inayoteleza hadi kwenye kiwiko.

Siku ya kwanza Mwalimu Nampembe akasema: mikono.
Tukanyoosha, ishirini na wawili, kama chekechea.
Yangu ilikuwa na madoa meusi
ya mafuta ya ganda, miaka sita ya kubangua.
"Haya hayatoki kwa sabuni," nikamwambia.
"Najua. Mimi pia ni wa Kitangari.
Kata kucha."

Nilidhani uuguzi ni sindano.
Nilidhani nitapewa kipimajoto, na heshima.
Kumbe ni shuka: kona ikunjwe hivi, ivutwe hivi,
mkunjo mmoja ukibaki chini ya mgongo wa mtu
kufika Ijumaa ni kidonda.
Ni kumgeuza kila baada ya saa mbili,
kulia, chali, kushoto,
kama makopa juani, alisema Zainafi,
tukacheka tumejificha nyuma ya kabati la shuka.
Ni kumwosha mtu mzima kwa beseni moja,
maana Newala maji hupanda mlima kwa pesa,
kuanzia usoni na kuishia kule,
wala si kinyume,
na muda wote kuongea naye habari nyingine kabisa.

Hili la mwisho halimo kwenye daftari.

Mwezi wa tano nikapangiwa wodi ya wanaume.
Kitanda namba tisa: figo, miguu imevimba,
anachokunywa kiandikwe, anachotoa kipimwe.
Nikasoma jina kwenye faili.
Nikalisoma tena.

Mzee Chilumba wa mizani.
Yule aliyesimama ghalani na kalamu sikioni,
na gunia la mama likifika kwake
linapungua kilo nne hewani,
kilo nne za unyevu, za mchanga, za sijui nini,
na mama anajibu, "Haya, baba,"
na njia nzima ya kurudi hasemi neno.

Nikamshikia chombo.
Alikuwa akitetemeka. Aliona haya, akatazama ukuta.
Nikakipeleka dirishani, penye mwanga,
nikainama hadi jicho likalingana na mstari,
kama tulivyofundishwa:
anayesoma akiwa amesimama hudanganywa na jicho lake.
Mia mbili na kumi.
Nani angejua kama ningeandika mia nne?
Daktari angesema, mzee anaendelea vizuri,
angepita kwenda kitanda cha kumi.
Nikaandika mia mbili na kumi.
Wino ulikuwa hafifu; nikairudia ile sifuri
ili isomeke.

Sisemi nilimsamehe. Sikumsamehe.
Nilipima.

Usiku wa tatu akaniuliza kwa sauti ya chini,
"Wewe ni binti wa nani?
Mikono yako imebangua korosho."
Nikamtajia mama, jina lake lote,
kama lilivyokuwa likiandikwa kwenye stakabadhi.
Akanyamaza. Nje jenereta likakohoa, likazima,
likawaka tena.
Akafungua mdomo.

Saa ya kaka ilionyesha saa nane kamili.
"Geukia kushoto, mzee," nikasema,
"nitakushika mimi."
Miguu ilikuwa mizito kwa maji.
Mgongo, hapana.
Mgongo ningeweza kuubeba peke yangu
hadi ghalani.